Madaktari wa Boma Walipokaa Chini

Kuanzia Moshi mpaka Arusha, muulize mtu yeyote mwenye mvi ni mtu mweusi gani alikuwa wa kwanza kuwa na gari la ng'ombe lake mwenyewe. Atakutajia mimi. Akikutajia mwingine, basi ana wivu, au alikuwa hajazaliwa. Gari lenyewe nililikuta limevunjika ekseli kando ya mto, Kaburu mwenye nalo amelitelekeza na kwenda zake, nami nikalitengeneza kwa mikono hii hii. Shule sikukaa. Kwa wamisheni nilijifunza herufi mpaka nikaweza kusoma majina yaliyoandikwa kwenye magunia, nikaona yanatosha, nikatoka. Wenzangu waliobaki darasani walikuja baadaye kuniomba kazi.

Nayasema haya ili msomaji ajue kwamba mimi si mtu wa kutetemeka ovyo. Nimevusha ng'ombe kwenye mito iliyofurika huku wazungu wamesimama ukingoni wakikuna vichwa. Lakini mbele ya boma la Arusha, enzi za Mjerumani, nilitetemeka mchana kweupe mpaka meno yakagongana. Sioni haya kuliandika hilo, maana siku ile hata wenye bunduki walitetemeka.

Tulikuwa tunateremsha mbao kutoka msituni kwenda kwa mzungu mmoja wa Usa River. Mdogo wangu, tumbo moja, ndiye aliyeshika kamba ya ng'ombe wa mbele. Mvua ilikuwa imenyesha. Pale kwenye mteremko udongo ukateleza, gari likawa linasukuma ng'ombe badala ya ng'ombe kulivuta, naye akaanguka. Gurudumu likampita mguuni, chini ya goti. Yeye hakulia. Nilichosikia ni mfupa.

Tukampeleka nyumbani, mlimani, kwenye migomba ya marehemu baba. Mama akamwita fundi wa mifupa, mtu aliyekuwa ameunga viungo vya warina asali wote waliowahi kuanguka mitini upande wetu ule wa Meru. Akamfunga vijiti vizuri. Siku chache zikapita, mguu ukavimba, ukageuka rangi, ukaanza kunuka. Fundi akaitwa tena. Akafungua, akainama, akanusa, akafunga.

"Mfupa naujua," akasema. "Harufu siijui. Mpelekeni bomani."

Kwetu neno hilo halikuwa jepesi. Mama yangu ni Mwarusha wa Olasiti, na ndugu zake ni miongoni mwa waliobebeshwa mawe ya kulijenga boma lile. Wengine wa ukoo wake walitundikwa kamba kabla hata mawe hayajaanza kubebwa. Alipoona nafunga ng'ombe aliendelea kumfukuzia inzi mdogo wangu.

"Kule nimezoea kuona watu wanaingia kwa miguu yao, wanatoka wamebebwa," akaniambia. "Wewe unampeleka akiwa amebebwa tayari."

Nikamjibu kwa maneno makubwa, kama kawaida yangu. Nikasema, yeyo, mama yangu, kule wananijua, unga wanaokula naleta mimi, nikifika wanasimama. Lakini njia nzima nilikuwa nageuka nyuma kumtazama mdogo wangu kama bado anapumua.

Tulipofika, aliyesimama hakuwapo.

Hapa inabidi nieleze. Daktari mzungu alikuwa mmoja, na mara nyingi hayupo. Mikono iliyotugusa sisi ilikuwa ya watu weusi wachache ambao aliwafundisha kufunga vidonda, kuchanja ndui, kung'oa meno, hata kukata na kushona. Sisi tuliwaita wote madaktari, na jina hilo liliwastahili. Siku ile niliwakuta nje ya uzio wa boma, wamekaa chini kwa mstari, kanzu zao nyeupe za kazi zimekunjwa zimewekwa pembeni. Chumba cha dawa kimefungwa. Wagonjwa wamejaa ukingoni mwa uzio, wengine wamelala, wengine wameegemea ndugu zao.

Nikaelezwa na mtu aliyekuwa ananifahamu. Mshahara wa madaktari hawa ulikuwa haujalipwa kwa miezi, na posho nayo imepunguzwa. Walikuwa wameuliza kwa adabu, wakaambiwa wasubiri. Wakauliza tena, wakajibiwa kwamba mtu mweusi aliyevishwa kanzu na serikali hana cha kudai. Basi wakazivua hizo kanzu. Daktari mzungu alikuwa safarini mabondeni, na mkubwa wa boma alikuwa Moshi. Tarishi alishatumwa kumwita. Kwa Mjerumani, kukataa kazi ya serikali kuliitwa uasi, na kila aliyekuwa pale alijua uasi unaishia wapi.

Aliyebaki kulinda boma ni shaushi, yaani mkubwa wa askari, pamoja na askari wachache. Huyu shaushi alikuwa na jeraha la risasi pajani, la zamani, lisilokauka, na madaktari hao hao ndio waliokuwa wakimwosha kila asubuhi. Kwa hiyo hakuwapiga. Mtu hampigi anayemwosha kidonda. Anamngoja mkubwa wake aje ampigie.

Nikamfuata kiongozi wao, mtu mzima kutoka Pangani, mwenye funguo za chumba cha dawa kiunoni.

"Shikamoo, Bwana Daktari."

"Marahaba, tajiri wa magurudumu."

"Mdogo wangu anaoza."

"Najua. Harufu yake ilifika hapa kabla yako."

Nikamwambia nitampa ndama dume, siku hiyo hiyo, achague mwenyewe. Akanitazama bila hasira.

"Ndama wako nikimla leo," akasema, "kesho serikali itasema madaktari wanalishwa na wagonjwa, yenyewe haidaiwi kitu. Na keshokutwa atakuja mgonjwa asiye na ndama. Huyo nimwambie nini?"

Nikamgeukia aliyekaa pembeni yake, Mwarusha wa Olasiti, mwanamume wa rika langu. Tulitahiriwa msimu mmoja. Huyo hakuinua macho. Aliongea akitazama ardhi, akanieleza kwamba watoto wake wanalishwa na baba mkwe, na kwamba hakuna chakula kichungu kama hicho. Wote walikuwa wamekula kiapo, kila mmoja kwa imani yake, kwamba hakuna atakayegusa kidonda mpaka wote walipwe. Nikikiri ukweli, walikuwa na haki. Mimi mwenyewe mzungu asiponilipa sifungi ng'ombe. Lakini haki yao na mguu wa mdogo wangu vilikuwa havipatani, na jua lilikuwa linapanda.

Nikarudi garini. Mdogo wangu alikuwa ameanza kuongea na ng'ombe ambao walikufa zamani. Nikashika mkono wake, ukaniunguza.

Ndipo bibi mmoja wa Lemara, aliyekuwa amempakata mjukuu aliyeungua kwa maji ya moto, akaniita.

"Wewe mwenye gari. Umejaribu mdomo, umejaribu ndama. Mkono wako una kazi gani?"

Akamweka mtoto chini, akainama, akang'oa majani mabichi, akayashika mbele yake. Nilielewa. Kwa Waarusha, mtu akikushikia majani amekuomba amani, na maneno yanaishia hapo. Hapigwi, hakataliwi, hata kama jana mlikuwa mnachomana mikuki. Anayemkataa mwenye majani amejitafutia laana yeye na mifugo yake. Mama alinifundisha hilo nikiwa mdogo, nami nikakua nikijiambia kwamba mtu kama mimi hatayahitaji. Nikainama nikang'oa.

Wengine wakaona, nao wakang'oa. Waliokuwa na nguvu za kusimama walisimama, Waarusha na Wameru, wanaume na wanawake, wakaanza kuwaendea madaktari polepole, mikono mbele, bila sauti. Majani hayaombwi kwa kelele.

Yule wa Olasiti aliruka kama aliyekalia siafu. Akafunika uso kwa viganja ili asituone. Mpangani akamuuliza kuna nini, hawa wana wazimu gani.

"Usiwatazame," akamjibu. "Wakinifikia siwezi tena kukataa. Wewe utarudi Pangani. Mimi nalala Olasiti."

Hatukufika. Langoni, shaushi alikuwa ametuona.

Shaushi yule alikuwa mtu wa mbali, hata lugha yake hatukuijua. Alikuwa amepigana kusini, kwenye vita vile ambamo watu waliiendea bunduki wakiamini dawa ya maji, wamejifunga mabua ya mtama vichwani. Mara nyingi akiwa amelewa aliwasimulia watu sokoni jinsi walivyokuja kimya kimya kutoka kwenye nyasi, na jinsi alivyowazika wenzake. Sasa alikuwa anaona kundi la watu, kimya, majani mikononi, likiwaendea waasi nje ya boma, na mkubwa wake hayupo.

Akapiga kelele kwa askari wake. Nikasikia vyuma vya bunduki vikifungwa, kimoja baada ya kingine.

"Tupeni chini hayo majani!"

Hakuna aliyetupa. Sasa msomaji wa mbali atasema tulikuwa wapumbavu, kwa nini tusitupe? Ukiyashika umeomba amani. Ukiyatupa umeikana, umetangaza ugomvi, tena mbele ya watu. Bibi wa Lemara alikuwa ameelekezewa bunduki kifuani, na vidole vyake havikuyaachia majani. Shaushi hakujua hilo. Kwake, mtu anayeng'ang'ania majani mbele ya bunduki ana sababu moja tu, naye aliijua.

Akaamuru tena. Sauti yake ilipasuka katikati, na hapo ndipo hofu ilinishika kweli kweli. Askari mkali unaweza kumsemesha. Askari anayeogopa hana masikio.

Kati yetu tulioshika majani, Kiswahili nilikijua mimi kuliko wote, kwa ajili ya biashara. Nikatoka mbele, mikono juu, majani bado yapo ngumini.

"Shaushi, haya ni majani tu. Watu wanaomba."

"Kule kusini walisema ni maji tu," akasema. Jasho lilikuwa linamtiririka chini ya tarbushi. "Nimezika watu wengi kwa ajili ya maji tu."

Mdomo wa bunduki yake ulikuwa unacheza. Nikautazama ule mdomo, nikaona maneno yangu yote ya kujisifu, niliyoyajenga tangu utoto, hayana uzito wa punje. Sikufikiri. Mwili ulirudi wenyewe kwenye kitu unachokijua. Nikaanza kutembea kinyumenyume, polepole, mpaka mgongo wangu ukagusa gari, nikapapasa mpaka pua ya ng'ombe wangu wa kulia, nikampa yale majani.

Akala. Alikuwa mlafi yule ng'ombe, angekula hata kofia. Shaushi alimkodolea macho kama anangoja aote mabawa. Ng'ombe akatafuna, akameza, akainua mkia, akajisaidia, akaanza kunusa mkono wangu kama kuna mengine.

Askari mmoja akacheka kwa puani.

Bibi wa Lemara alikuwa ameshaelewa. Akaja na yake, akampa ng'ombe, akasema kwa Kimaasai, ili watu wasikie, kwamba yaliyoliwa na ng'ombe hayajatupwa. Na ni kweli. Majani tunayaheshimu kwa sababu ya ng'ombe. Basi watu wakafuatana mmoja mmoja, kila mtu akalisha, na bunduki zikawa zinashuka moja moja. Shaushi akakaa kwenye jiwe la langoni, akaanza kujipangusa uso kwa ukosi wa koti.

Mimi nilishika gurudumu. Nikawaza, tumeokoka, na mdogo wangu nimemuua. Maombi yake ameyala ng'ombe.

Lakini yule wa Olasiti alikuwa amesimama.

"Mimi nimeshashikiwa," akamwambia Mpangani. "Nilifumba macho, lakini nilikuwa nimeona. Nitawatibu hapa nje, bila kanzu. Hii si kazi ya serikali."

"Na dawa? Na msumeno? Vya nani hivyo?" Mpangani akauliza. "Tukivitoa nje ni wizi. Tukiingia ndani tumerudi kazini."

Wakabaki wanatazamana. Shaushi, bila kuinuka, akasema kwamba yeye sasa anakwenda kuangalia barabara ya Moshi, na anayeangalia barabara hana macho kisogoni. Kisha akachechemea kwenda zake, akatugeuzia mgongo.

Mpangani akafungua funguo kiunoni.

Alipoufunua mguu wa mdogo wangu alinivuta kando. "Huu hauponi," akasema. "Nikiukata, huenda akaishi. Nisipoukata, huna haja ya kuningoja. Mama yako atauliza nani aliamua."

"Mwambie mimi," nikasema, kama kwamba yeye ndiye atakayemwona mama.

Wakamfunika puani kitambaa chenye dawa ya kulaza. Mimi nilishika mabega. Juu ya gari langu, kwenye mbao nilizozipigilia misumari mwenyewe, Mpangani alikata na yule wa Olasiti alifunga mishipa. Nimefanya kazi ya mbao maisha yangu yote, na tangu siku ile siwezi kukaa karibu na msumeno ukiwa kazini.

Walikuwa hawajamaliza shaushi alipoita kutoka barabarani. Neno moja.

"Vumbi."

Watu wakatawanyika. Bibi wa Lemara na mjukuu wake aliyekwisha kupakwa dawa walipotea kwenye mahindi. Nikamsihi Mpangani kwa macho aharakishe. Hakuharakisha. Alishona kama mtu anayeshona nguo ya sikukuu, huku vumbi likikua nyuma yake, na yeye hageuki. Alipomaliza kufunga kitambaa cheupe akaniambia niende, na nisikimbize ng'ombe, damu bado haijatulia. Wakanawa mikono, wakarudisha vitu ndani, wakafunga mlango. Kisha wakarudi kukaa chini, kila mtu mahali pake, kanzu pembeni. Niliona wanavyokaa. Sijawahi kuona watu wakikaa vile, wakijua nini kinakuja barabarani.

Kwetu njia ilikuwa moja tu, hiyo hiyo ya Moshi.

Kitambaa kile cheupe kilikuwa cha serikali, mtoto mdogo angekitambua. Nikavua koti langu, koti la vifungo vya shaba lililonijulisha kwa watu mpaka Moshi, nikaufunga nalo ule mguu. Bado lilionekana safi mno. Nikachota mavi ya ng'ombe, nikalipaka.

Mkubwa wa boma alikuwa juu ya nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi, na askari nyuma yake. Akasimamisha gari. Askari wake akauliza kwa niaba yake nimebeba nini. Nikasema ndugu yangu, gari limemkanyaga. Nani amemkata? Nikasema fundi wa mifupa wa kwetu, mlimani. Ulimi wangu ulikuwa mkavu, neno mlimani nikalitamka mara mbili.

Mzungu akasogeza nyumbu. Akashusha kiboko chake, akatia ncha chini ya koti langu, akaanza kuliinua. Nilikuwa nahesabu vifungo, sijui kwa nini. Harufu ya mavi na ya ule uozo uliobaki kwenye mbao ikamfikia. Akarudisha kichwa nyuma, akatoa leso, akasema kitu kwa Kijerumani, na askari wakacheka.

"Bwana anasema fundi wenu ni mchinjaji," yule askari akanifasiria.

Nikacheka nao. Nimecheka mengi maishani, ya kweli na ya kibiashara, lakini kicheko kile bado nakisikia kooni.

Walipita. Sikugeuka nyuma. Tulipofika, mama alipanda juu ya gari mwenyewe, akafunua, akatazama, akafunika. Hakuuliza nani aliamua. "Anapumua," akasema, akateremka kuchemsha maji.

Habari zilitufikia vipande vipande. Madaktari wote walipigwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano kila mmoja, uwanjani, mbele ya watu. Mpangani alifungwa minyororo, akapelekwa pwani, na hakuna aliyejua zaidi. Dawa iliyotoka nje haikutajwa. Shaushi aliulizwa, akasema aliona barabara tu. Posho inasemekana ilirudishwa kimya kimya baadaye, lakini mimi hilo sikulishuhudia, nimesikia.

Nyumbani tulikuwa na hofu yetu nyingine. Kitambaa kilihitaji kufunguliwa, na hakuna aliyethubutu. Mdogo wangu alikuwa na homa, hasemi. Fundi wa mifupa alikataa hata kukaribia. Mama alilala chini kando yake, na kila hewa iliposogea kutoka kitandani alinyanyua pua kunusa, kisha akageukia ukuta ili nisione uso wake. Nilikuwa nafanya vivyo hivyo.

Asubuhi moja yule wa Olasiti akatokea kwenye migomba. Alitembea wima sana, kama aliyebeba mtungi kichwani, kwa sababu ya mgongo. Jambo la kwanza nililofanya ni kuchungulia nyuma yake kama amefuatwa. Nikamwekea kigoda, hakukaa. Akaomba maji ya moto, akanawa, akapiga magoti kwa shida, akaanza kufungua kitambaa mkunjo mmoja mmoja. Cha mwisho kiling'ang'ania, akakilowesha, akangoja.

Kikatoka. Akainama, akanusa. Mimi na mama tulikuwa tumesimama mlangoni. Akanusa tena, karibu zaidi, pua yake ikagusa ngozi.

"Hainuki," akasema.

Kisha akauliza kama kuna maziwa, hajala tangu jana. Mama akaenda kuleta kibuyu mwenyewe, akampa kwa mikono miwili.